Ufunguo wa Stoo

Mwaka ule tulipata madarasa mawili mapya.
Mabati yaliwaka, ungeyaona ukiwa stesheni ya Bahi.
Tukapiga picha na mgeni, tukachinja mbuzi,
na Jumatatu yake Masima wa darasa la nne
akasimama chini ya dari nyeupe,
akashika nakala yangu kichwa chini,
akasoma kwa ghibu, bila kukwama,
ukurasa usiokuwepo.

Sikatai fedha. Mtu asininukuu hivyo.
Nimefundisha watoto mia na nane chumba kimoja,
nimegawa chaki kwa meno.
Choo cha wasichana kilipotitia
hakikuinuliwa na nia njema;
kiliinuliwa na saruji, na saruji ina bei.

Lakini ufunguo wa stoo ulikuwa kwangu.
Miaka sita, kwenye kamba ya kiatu, shingoni,
na ndani ya stoo vitabu mia tatu na arobaini
bado vimo kwenye nailoni
kama godoro la bibi arusi.
Tulisema: watoto watachana. Mkaguzi atauliza.
Kila Desemba nilivihesabu, vyote vipo,
nikasaini, nikalala usingizi.

Aliyeniumbua ni panya.
Nilifungua siku ya mvua kutafuta ndoo,
nikakuta ametoboa nailoni,
amekula Hisabati mpaka kwenye sehemu,
amezalia ndani ya Maarifa ya Jamii.
Mtoto nilimwogopa kwa ukurasa mmoja.
Panya sikumwandikia hata barua ya onyo.
Nikakaa juu ya debe nikacheka,
halafu kicheko kikaisha.

Basi tukaanza na kilichokuwepo.
Saa moja na nusu, jua halijakaza,
hatukuuliza tena: uko darasa la ngapi?
Tuliuliza: unaweza kusoma nini?
Asiyejua silabi akakaa na asiyejua silabi,
wa la sita kando ya wa la pili,
magoti yamepishana, aibu imekosa pa kukaa.
Na Mwalimu Ndahani, aliyezoea kufika saa tatu
kwa sababu ya baiskeli,
akafika saa moja
kwa baiskeli ileile.

Aprili ilitushinda.
Mtama ulipoanza kubeba, kwelea kwelea wakashuka
kama mchanga uliomwagwa kutoka juu,
na madawati yakabaki na majina matupu.
Zamani tungeandika "mtoro", tungekata fimbo.
Safari hii Mama Sechelela alisimama kikaoni,
Kigogo kwanza, Kiswahili baadaye,
akatuuliza sisi walimu:
mnataka tuchague, mtoto ale au asome?

Hakuna fungu la bajeti lenye jibu la swali hilo.
Tukabishana hadi giza. Mjumbe mmoja
alitoka kwa hasira, na hasalimii mpaka leo.
Mwishowe kijiji kikagawana ndege:
watu wazima alfajiri hadi adhuhuri,
watoto alasiri,
na makombeo yakaachwa mlangoni pa darasa
kama viatu msikitini.

Msinipigie makofi.
Kiwilaya bado tuko mkiani,
labda tumempita mmoja, na huyo aliugua.
Vitabu kumi na saba vimechanika. Nimeviandika:
vimechanika kwa kusomwa,
na kalamu ilinitetemeka kidogo.
Paa la zamani linavuja palepale,
barua ya kuomba mabati iko mezani kwa mtu.

Ila juzi, behewa la mwisho likipita,
Masima alinijia na Hisabati yenye tundu.
Akaweka kidole pembeni mwa meno ya panya.
Mwalimu, akasema,
hapa palipoliwa paliandikwa nini?

Nikainama nikaangalia.
Sikujua.
Miaka sita nimekilinda kitabu kile
na sikuwahi kukifungua.